Alama za Kirusi cha Kompyuta Zisifutwe kwa Pupa



Mizigo inayoshuka katika Bandari ya Malindi hukaguliwa kabla ya kuingia mjini. Lakini flashi iliyomo mfukoni mwa mwalimu, yenye alama za mtihani za darasa zima, haikaguliwi na yeyote. Hutoka shuleni, huchomekwa katika kompyuta ya steshenari ili karatasi zichapwe, kisha hurudi ofisini. Katika safari hiyo fupi virusi vya kompyuta hupata chombo cha kusafiria.

Kirusi, kama mwizi, huacha nyayo. Iko aina moja ambayo hugeuza kila folda ya flashi kuwa njia ya mkato, yenye kishale kidogo pembeni. Mwalimu akiibofya, folda hufunguka kama kawaida, naye hudhani mambo ni salama. Kumbe kwa kubofya huko amekiamsha kirusi. Mwingine, akikuta folda zimetoweka, hushikwa na hofu na kuifomati flashi yote. Hapo ndipo msiba hutokea. Kirusi cha aina hiyo kwa kawaida hakifuti faili, huzificha tu. Flashi inayoonekana tupu, huku kompyuta ikionyesha kwamba nafasi yake imejaa, inatoa ushahidi kuwa kazi ya mwalimu ingalimo. Mwenye kufomati ndiye anayeipoteza.

Nyayo za namna hii zina historia. Mwaka 1986 kirusi kilichoitwa Brain, kilichotungwa na ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, kilibadili jina la diski na kubeba ndani yake majina, anwani na simu za watungaji wenyewe. Conficker, kilichogunduliwa Novemba 2008, kilizuia kompyuta kufungua tovuti za makampuni ya kinga. Mtumiaji aliyeona tovuti nyingine zote zinafunguka isipokuwa hizo, alikuwa na sababu ya kushuku. Mwaka 2012 wataalamu waligundua Gauss, kilichoenea zaidi Lebanon. Hicho kiliweka katika kompyuta aina mpya ya herufi, Palida Narrow, na herufi hizo zikawa njia ya kuzitambua mashine zilizoambukizwa.

Ziko pia alama za maangamizi. Tarehe 15 Agosti 2012 kirusi Shamoon kiliharibu kompyuta zipatazo 30,000 za kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco, na mahali pa faili kikaandika kipande cha picha ya bendera ya Marekani inayoungua. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry kilienea duniani, kikifunga faili na kuongeza herufi WNCRY mwishoni mwa majina yao, kisha kikidai fidia. Kwa hiyo mwisho wa jina la faili waweza kumwambia fundi ni adui gani aliyeingia, na kama faili zimefichwa, zimefungwa au zimeangamizwa. Kila hali ina dawa yake.

Basi ni wajibu wa kila mtumishi, aonapo jambo lisilo la kawaida, kusimamisha kazi na kuitenga kompyuta hiyo na mtandao. Asibofye tena, wala asifomati. Aandike katika daftari tarehe, saa na maneno yaliyotokea kwenye kioo, kisha amwite fundi. Naye mkuu wa shule au wa idara asimkaripie anayetoa taarifa, kwani mtumishi anayeogopa kukaripiwa hufuta alama zote ili asijulikane, na kirusi huendelea kutembea kutoka meza hadi meza.

Zaidi ya hayo, orodha ya mishahara na alama za wanafunzi zisiwekwe mahali pamoja tu. Nakala ya pili ihifadhiwe katika chombo kisichochomekwa kila siku. Mtoto aliyesoma mwaka mzima hana kosa, wala hapaswi kupoteza matokeo yake kwa sababu ya pupa ya dakika moja.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mwenye kuyaona na asianue nguo, asiilaumu mvua.