Madeni ya Nyumbani na Daftari la Matumizi



Mambo yatakayosemwa leo yahusu fedha za nyumbani, na hasa nyumba iliyokwisha zama katika madeni. Mwenye deni moja dogo la dukani, alilipalo kila mwisho wa mwezi, hana haja kubwa ya maneno haya. Yamekusudiwa yule ambaye simu ikilia hutazama kwanza namba iliyopiga ndipo aamue kama ataipokea, na yule ambaye mshahara wake hufika asubuhi na kufikia jioni umekwisha gawanywa kwa watu wasiokaa nyumbani kwake.

Na ichukuliwe nyumba moja iwe mfano. Imetungwa kwa ajili ya mazungumzo haya, lakini wengi wataona kwamba wanaifahamu. Bwana ni karani wa ghala mjini Nakuru. Mkewe huuza mboga sokoni. Wana watoto watatu, mmoja wao yuko shule ya sekondari ya bweni, nao wakaa katika nyumba yao wenyewe ya vyumba viwili, juu ya kiwanja kidogo nje ya mji. Mshahara wa bwana, baada ya kodi na makato ya serikali, ni Sh. 42,000. Sacco hukata Sh. 9,400 kabla fedha hazijamfikia, kwa hiyo hupokea Sh. 32,600. Bibi hupata faida ya Sh. 400 hivi kwa siku, na kwa siku 26 za soko jumla yake ni Sh. 10,400. Basi nyumbani huingia Sh. 43,000 kwa mwezi. Si nyumba ya maskini hohehahe, wala si ya walevi.

Hata hivyo, siku moja bwana alipata barua. Mkopeshaji wa mtaani, hao waitwao mashailoki, alikuwa amempa Sh. 30,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na kama dhamana akatwaa hati ya kiwanja. Barua ilisema kwamba riba ya miezi miwili haijalipwa kwa wakati, na kwamba mnunuzi wa kiwanja amekwisha patikana. Mkewe hakuwa na habari yoyote ya mkopo huo. Alidhani hati imo sandukuni.

Usiku ule bwana alisema, "Mama watoto, keti. Kuna jambo nimekuficha." Akaeleza habari ya hati, kisha habari ya mikopo mitatu ya simu. Bibi alinyamaza kwa muda mrefu, akafunga kibeti chake, akasema, "Baba watoto, hata mimi nina yangu." Naye akaeleza kwamba chama cha akina mama kinamdai Sh. 10,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, na mwenye duka amdai Sh. 7,200.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Watu wengi husema kwamba nyumba hutoka katika deni kwa kubana matumizi, na neno hilo ni kweli, lakini haliwezi kuanza kufanya kazi kabla ya usiku kama huu. Mume na mke wafichanao madeni huvuta jembe moja pande mbili: huyu ajinyima nyama ili kumlipa mdai wake, huku mwenziwe achota fedha zile zile za sukari kumnyamazisha mdai mwingine. Wala haifai usiku huo kugeuzwa kuwa wa mashtaka. Atakayelaumiwa sana leo ataficha vizuri zaidi kesho.

Walichukua daftari la mtoto ambalo halijaisha, wakaandika kila deni. Sacco, Sh. 168,000. Shailoki, Sh. 30,000. Mikopo mitatu ya simu, Sh. 8,000, Sh. 6,500 na Sh. 4,000. Chama, Sh. 10,000. Duka, Sh. 7,200. Baki ya karo shuleni, Sh. 14,000. Jumla ikawa Sh. 247,700. Bwana alikuwa akidhani wanadaiwa chini ya laki mbili.

Kisha wakafanya jambo ambalo watu wengi hawalifanyi: pembeni ya kila deni waliandika ni shilingi ngapi deni hilo hula kwa mwezi mmoja kabla halijapungua hata senti. Sacco hutoza asilimia moja kwa mwezi juu ya salio, kwa hiyo deni la Sh. 168,000 lilikula Sh. 1,680. Shailoki alikula Sh. 6,000. Mikopo ya simu, ikikisiwa kwa asilimia 10, ilikula Sh. 1,850, na chama Sh. 1,000. Duka na shule hazikutoza riba. Yaani madeni madogo matatu, ambayo jumla yake ni Sh. 58,500 tu, yalikula Sh. 8,850 kila mwezi, zaidi ya mara tano ya lile deni kubwa la Sacco lililokuwa likimkosesha bwana usingizi. Ukubwa wa deni na ukali wake ni mambo mawili mbalimbali.

Katika mikopo ya simu kosa hili ni rahisi kufanyika, maana ada yake hutajwa kwa mwezi au kwa siku, nayo husikika kuwa ndogo. M-Shwari ilipoanza mwezi wa Novemba 2012, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Akopaye Sh. 1,000 hulipa Sh. 75 juu yake, na nani atashtuka kwa Sh. 75? Lakini akikopa tena kila mwezi, mwaka utakapokwisha atakuwa amelipa Sh. 900 kwa matumizi ya Sh. 1,000 zile zile, nayo ni asilimia 90. Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, huongeza ada ya kila siku mpaka fedha zirudishwe, na kwa hiyo asahauye juma moja hulipia usahaulifu wake. Kwa kulinganisha, mfuko wa serikali uitwao Hustler Fund, uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ulianza kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka mzima. Mikopo yote hii hupatikana kwa kubonyeza simu ile ile, na kidole hakioni tofauti.

Mwezi mzima uliofuata, kila aliyetoa senti aliandika. Hili lilikuwa gumu kuliko walivyotazamia. Bwana aliona haya kuandika fedha za kamari ya mpira, akaziita "mengineyo" kwa siku tisa, mpaka bibi akauliza mengineyo huyo ni nani alaye kuliko mtoto. Mwezi ulipokwisha matumizi yalikuwa Sh. 44,700, nayo mapato, kama ilivyosemwa, Sh. 43,000. Pungufu ya Sh. 1,700 ikaongezwa juu ya riba ya Sh. 8,850, ikawa Sh. 10,550. Hiyo ndiyo fedha iliyokuwa ikitafutwa kila mwezi kwa mkopo mpya.

Makisio ya mwezi wa pili yaliandikwa kabla ya mshahara kufika, wala si baada yake. Chakula kilishushwa kutoka Sh. 15,500 mpaka Sh. 12,500, hawakulala njaa, ila waliacha unga wa pakiti wakanunua mahindi kwa gunia wakati wa mavuno na kuyapeleka kinuni, na maharagwe wakayanunua kwa debe badala ya kipimo kidogo cha kila jioni. Nauli ilipungua kwa Sh. 1,500 kwa sababu bwana alirudi kwa miguu. Fedha za simu zilipungua kwa Sh. 1,000. Kamari na nyama ya kuchoma ya Jumamosi, Sh. 3,900 kwa pamoja, zikabaki Sh. 700, nazo Sh. 700 hizo ni za nyama, maana kamari iliachwa kabisa. Bibi alipunguza nusu ya Sh. 2,000 alizokuwa akiwapelekea wazazi wake, akaenda mwenyewe kuwaeleza sababu. Michango ndiyo iliyoleta ubishi. Walikuwa wakitoa Sh. 4,500 kwa mwezi kwa harusi, matanga na harambee, na bwana alisema mtu hawezi kuishi na watu asitoe. Walikubaliana Sh. 1,500, matanga kwanza, na harusi wapeleke mikono yao kupika na kubeba viti. Wako waliowasema, na neno hilo yampasa mtu alijue mapema.

Karo ya Sh. 40,000 kwa mwaka waliigawanya kwa 12, zikawekwa Sh. 3,300 na kitu kila mwezi, ili Januari isiwakute tena mikono mitupu. Karo haiji kwa ghafula. Tarehe yake hujulikana tangu mtoto anapoandikishwa.

Matumizi yakashuka mpaka Sh. 32,000. Zikabaki Sh. 11,000, moja ikawekwa kwa ajili ya ugonjwa, na Sh. 10,000 zikawa za madeni. Lakini riba peke yake ilikuwa Sh. 8,850! Kwa kubana tu, wangepunguza deni kwa Sh. 1,150 kwa mwezi, na shailoki asingengoja. Iko nyumba ambayo kubana peke yake hakuiokoi, na ni afadhali kusema hivyo wazi kuliko kuwapa watu matumaini ya uongo.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuomba nyongeza Sacco na kumlipa shailoki. Kwa hesabu ni njia njema, maana asilimia moja ni nafuu kuliko 20, na sheria ya ajira ya mwaka 2007 yataka makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, naye alikuwa bado mbali na mpaka huo. Lakini ilihitaji wadhamini, ambao akiba zao zingefungwa kwa ajili yake. Tena mtu ambaye daftari lake lina mwezi mmoja tu hajajithibitishia hata mwenyewe kwamba hatarudi kwa shailoki. Wengi wamefanya hivyo wakabaki na madeni yote mawili. Njia ya pili ilikuwa mtamba wa bwana, aliyekuwa akifugwa kwa babaye huko Ol Kalou, na aliyetazamiwa kuzaa mwaka ujao. Mzee hakufurahi. Aliuliza kama mwanawe amekuwa mtoto tena. Mwishowe mtamba akauzwa kwa Sh. 36,000, ambazo ni deni la shailoki na riba ya mwezi ule, wala haikubaki senti ya nauli. Walikwenda wote wawili, pamoja na shahidi, wakalipa, wakapewa risiti, wakatwaa hati.

Na ijulikane kwamba, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, nyumba wanamoishi mume na mke haiwekwi rehani kihalali pasipo kibali cha mwenzi. Bibi angeweza kuishikilia sheria hiyo. Lakini kesi ina gharama zake na miaka yake, na asiyejua kwamba hati haimo sandukuni huchelewa kwenda kwa wakili.

Baada ya hapo Sh. 10,000 zilipata nguvu. Mikopo ya simu na chama zilikuwa na riba moja, kwa hiyo walianza na ule mkopo mdogo wa Sh. 4,000, ili mdai mmoja aondoke upesi na simu ipungue kulia. Mwenye duka na mwalimu mkuu walifuatwa wenyewe, wakapewa tarehe kwa maandishi. Mwenye duka alikubali kungoja kwa sharti kwamba tangu siku hiyo wanunue kwa fedha taslimu. Mkopeshaji mmoja wa simu alianza kuwapigia jamaa za bwana na kuwatukana. Bwana alimwandikia kwamba kanuni za mwaka 2022, zinazowaweka wakopeshaji wa namna hiyo chini ya Benki Kuu ya Kenya, zakataza vitisho na kuwasumbua watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Simu za jamaa zikakoma. Deni, bila shaka, halikukoma, nalo lililipwa.

Mwezi wa tatu mtoto mdogo aliugua, akiba ya ugonjwa haikutosha, na madeni yakapata Sh. 4,000 tu. Mwezi wa sita mvua iliharibu soko, yakapata Sh. 5,000. Hawakukopa. Kwa hesabu ya kwanza wangemaliza katika miezi sita. Walimaliza katika saba, chama, simu, duka na shule. Sacco ilikuwa imeshuka mpaka Sh. 112,000 hivi, na ikiendelea kukatwa vile vile itakwisha baada ya miezi 13.

Daftari la pili limeanzishwa. Ukurasa wa kwanza una mstari usiokuwamo katika lile la kwanza, Sh. 5,000 kila mwezi kwa ajili ya mtamba, maana mzee wa Ol Kalou amekwisha uliza mara mbili.