Usingizi wa Mbegu: Maua ya Asili katika Viunga vya Dar es Salaam

Kauli inayosikika mara kwa mara katika vitalu vya maua vilivyo kandokando ya barabara za Kinondoni na Temeke ni kwamba ua la porini halifugiki, kwa kuwa mbegu yake ikiokotwa na kusiwa haioti, na hivyo mwenye bustani hana budi kununua bogenvilia yenye asili ya Brazili au mkrismasi wenye asili ya Madagaska. Kauli hiyo ilipaswa kufa mwaka 1893, pale Hermann Wendland alipolipa jina la kitaalamu, katika bustani za Herrenhausen mjini Hannover, ua dogo lililotoka Usambara, ambalo leo hukaa madirishani kote duniani bila kulalamika.

Wenye kauli hiyo wanachanganya kifo na usingizi. Usingizi wa mbegu ni hali ya mbegu hai kukataa kuota hata ikipewa maji, na katika pwani yenye vuli na masika ukaidi huo ni busara, maana mmea unaotoa watoto wake wote kwa manyunyu ya kwanza ya Oktoba huwapoteza kwa jua la Januari. Marejea, wa jamii ya Crotalaria, hujifunga kwa ganda gumu lisilopitisha maji, ambalo hulegea likikwaruzwa kwa msasa au likimwagiwa maji ya moto na kulowekwa usiku kucha. Mgagani hugoma ukivunwa karibuni, lakini mbegu zake zikihifadhiwa kavu kwa miezi kadhaa huota vizuri. Wanaodai kwamba mimea ya porini haioteshwi huenda waliula mgagani huo jana kwa ugali. Mwandishi wa maneno haya mwenyewe aliwahi kusia marejea katika kopo huko Mbagala wakati wa vuli, akakata tamaa, akaumwaga udongo kwenye ua wa nyumba, na masika yakamuumbua mbele ya majirani.

Lakini kabla ya kuiamsha mbegu sharti ijulikane ni ya mmea gani, na mtu aliyestahili kusikilizwa mapema zaidi katika jambo hilo la majina ni Charles Sacleux, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, huoanisha majina ya mimea na majina ya kitaalamu, tena ikibainisha neno ni la lahaja ipi, kana kwamba aliyeiandika alikuwa na kalamu mkono mmoja na tawi mkono wa pili, na ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu alikuwa pia mkusanyaji wa mimea. Kwa moyo huohuo Bernard Verdcourt wa bustani za mimea za Kew, Uingereza, mwaka 1970, aliuingiza mkilua katika sayansi kwa jina lake la Kiswahili, Mkilua fragrans, akilifanya neno la wanawake wa pwani wanaojipamba kwa maua yake, vilua, kuwa jina la jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu.

Inakubalika kwamba majina ya kienyeji huhamahama, kwamba jina moja hubeba mimea mitatu na mmea mmoja hubeba majina matano, na kwamba mtaalamu makini hawezi kuyategemea peke yake. Hata hivyo mbegu isiyo na jina la Kiswahili kwenye kibandiko chake ni mbegu nusu, kwa sababu anayelijua jina ndiye anayejua mmea unapomea, unapochanua na anayeutumia.

Kuhusu kuokota kwenyewe hakuna mengi. Msitu wa hifadhi kama Pugu hauguswi bila kibali, ilhali viwanja vinavyosubiri greda viko wazi kwa anayeomba ruhusa ya mwenyewe, naye huchukua sehemu ndogo tu ya mbegu za kila mmea. Maganda ya marejea huvunwa yanapokauka na kulia yakitikiswa, kisha huwekwa katika bahasha ya karatasi, kwa kuwa plastiki huleta ukungu, na katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 liliwafaa wakusanyaji bila kuwakusudia. Mkilua pekee hautaki ukavu huo: kiinitete chake ni kidogo mno na bado kinakua ndani ya mbegu, hivyo husiwa ungali mbichi, katika mchanga wenye unyevu, kivulini, na kopo lake halimwagwi.