Stara ya Msemaji Mtandaoni

Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa hadharani maelezo waliyoyakusanya katika kurasa za Facebook za wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani, majina yakiwa yamefutwa na chuo chenyewe kikifichwa. Lakini hazikupita siku nyingi wadadisi wakakitambua, nacho kilikuwa ni Harvard hiyo hiyo, na maelezo yakaondolewa.

Basi mtafiti ambaye mali yake si hesabu bali ni maneno ya watu kama yalivyonenwa, yumo katika mashaka makubwa zaidi, kwani akinukuu sentensi moja herufi kwa herufi, hata asipomtaja aliyeiandika, mtu yeyote aweza kuitafuta katika Google akafikishwa kwa mwenyewe. Bibi Annette Markham, mtafiti wa mambo ya mtandao, alitoa rai mwaka 2012 kwamba maneno hayo yasukwe upya, maana ibaki na sura ibadilike, jambo ambalo wengine wataliita kughushi. Mimi naliona lina insafu, ilimradi mtafiti akiri waziwazi kwamba ameyabadili.

Ama hoja kwamba yaliyoandikwa hadharani hayahitaji idhini, hiyo ni hafifu: aliyeeleza maradhi yake mbele ya wagonjwa wenziwe hakukusudia kuwahutubia maulamaa.