Mtoto Mwenye Usonji: Mafunzo Gani Yatangulie?



Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo, na dalili zake aghalabu huonekana kabla mtoto hajatimiza miaka 3. Mtoto huitwa jina lake asiitike. Haonyeshi kwa kidole akitakacho. Hurudia jambo moja mchana kutwa. Na desturi ya nyumbani ikibadilika hata kidogo, hulia sana. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 wa namna hiyo katika mwaka wa 1943. Baadaye akina mama wengi walilaumiwa bure, ikisemwa kwamba mapenzi yao haba ndiyo yaliyomdhuru mtoto. Uchunguzi umeyabatilisha maneno hayo. Chanjo nayo ilisingiziwa katika makala iliyotolewa London mwaka 1998, na jarida lenyewe likaifuta mwaka 2010. Basi mama wa Biryogo au Nyamirambo asihukumiwe kwa jambo asilolifanya.

Mzazi akiona dalili hizo, asingoje kwa kuambiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema. Jambo la kwanza ni kupima masikio, maana mtoto asiyesikia hudhaniwa kuwa hataki kuitika. Mwenye bima ya mutuelle huanzia kituo cha afya cha mtaa wake, kisha hupewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na ikihitajika hospitali kubwa kama CHUK, au Ndera inayoshughulikia maradhi ya akili na ya ubongo.

Hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, kwa kuwa mafunzo ni mengi na fedha ni chache. Wako wanaofundisha kusema, wako wanaofundisha kazi za mikono kama kula na kuvaa, na wako wanaofundisha tabia hatua kwa hatua. Mwaka 1987 Ole Ivar Lovaas wa California alitangaza habari za watoto 19 waliofundishwa saa 40 kwa juma. Lakini adhabu zilizotumiwa zamani zimekataliwa, na siku hizi walimu wengi hufundisha kwa michezo. Familia isiyoweza saa hizo isidhani kwamba mlango umefungwa.

Litangulie lile la mawasiliano, yaani mtoto apate njia ya kuomba maji, kukataa, na kusema kwamba anaumwa, iwe kwa neno, kwa ishara au kwa picha. Picha hazimzuii kusema. Wala lugha mbili hazimdhuru: bibi anayemsemesha Kiswahili asinyamazishwe kwa sababu jirani husema Kinyarwanda.

La pili, mzazi mwenyewe afundishwe. Shirika la Afya Ulimwenguni limetengeneza mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani. Hekima yake ni wazi: mwalimu humwona mtoto saa chache, bali mama yu pamoja naye anapokula, anapooga na anapolala.

Kabla ya kutoa fedha, yapasa mwalimu aulizwe mambo matatu. Analenga jambo gani hasa? Atapimaje maendeleo baada ya miezi mitatu? Je, mzazi ataruhusiwa kuketi na kujifunza? Asiyeweza kujibu, na aepukwe. Kadhalika aepukwe kila aahidiye kuuondoa usonji. Mwaka 2013 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu ilikataza kutibu usonji kwa dawa za kutoa madini mwilini na kwa vyumba vya oksijeni. Dua ni haki ya mzazi, wala haipingani na mafunzo. Lakini kumpiga mtoto au kumfunga kamba ili atokwe na pepo ni dhuluma.

Mwisho, mzigo huu si wa nyumba moja. Jamaa waweza kuchanga nauli ya kwenda hospitali; mwalimu wa madrasa aweza kumweka mtoto mahali pasipo kelele na kumfundisha kwa maneno machache; jirani aweza kumkaa mtoto saa moja ili mama apumzike. Mtoto afichwaye hafundishwi, na miaka ya kwanza ikipita hairudi.