Tujifunze Kupima Jani

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima)



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya majani ya miti. Pengine mtacheka. Mtasema, "Majani tunayajua tangu utotoni, tufundishwe nini tena?" Kweli mnayajua. Lakini kujua kwa macho ni jambo moja, na kujua kwa kipimo ni jambo jingine. Mwenye duka hakadirii sukari kwa macho, huiweka kwenye mizani.

Kwa nini tuyapime? Kila mwaka vijiji vyetu hupanda miti. Tunachimba mashimo, tunabeba maji kichwani, tunazungushia miiba ili mbuzi wasile. Kiangazi kikija, miche mingi hukauka. Mara nyingi sababu si uvivu. Sababu ni kupanda mti mahali pasipoufaa. Jasho limekwenda bure.

Sasa sikilizeni, jamani. Mti ni kama mtu mwenye mfuko mmoja wa fedha. Miti mingine hutengeneza majani membamba, ya bei rahisi. Majani hayo hufanya kazi upesi na mti hukua haraka, lakini huliwa na wadudu kwa urahisi na hufa mapema. Miti mingine hutengeneza majani mazito na magumu. Hayo ni ya gharama kubwa, faida yake huja polepole, lakini hudumu muda mrefu. Mti hauwezi kupata yote mawili. Mwaka 2004 Ian Wright na wenzake walitangaza matokeo ya vipimo vya aina 2,548 za mimea kutoka sehemu 175 duniani. Katika nchi za baridi na nchi za joto, mpango ulikuwa ule ule.

Je, jani hupimwaje? Fuateni hatua hizi:

Kwanza, chuma jani zima lililokomaa, lisilo na ugonjwa, kutoka tawi linalopigwa na jua. Usilichanganye na jani la kivulini. Hata katika mti mmoja, jani la kivulini huwa jembamba kuliko la juani.

Pili, liweke juu ya karatasi ya miraba kabla halijanyauka. Chora ukingo wake kwa penseli, kisha hesabu miraba. Hilo ndilo eneo lake.

Tatu, likaushe kabisa, kisha lipime uzito.

Nne, gawanya eneo kwa uzito. Tuseme jani lina sentimita za mraba 60 na uzito wa gramu 1. Jibu ni 60. Jani jingine lina eneo hilo hilo, lakini uzito wake ni gramu 3. Jibu ni 20. La kwanza ni jani jembamba la kufanya kazi upesi. La pili ni jani la kudumu. Kama mizani yenu haioni gramu moja, pimeni majani mengi kwa pamoja na mjumlishe maeneo yake.

Msidhani hii ni kazi ya watoto. Wataalamu wanafanya hivyo hivyo, ila wao hutumia mashine kupata eneo na tanuri kukausha. Mwaka 2013 walitoa kitabu cha mwongozo, kilichoongozwa na Natalia Pérez-Harguindeguy wa Argentina, ili watu wa nchi zote wapime kwa njia moja. Maana kila mtu akipima kwa kibaba chake, hatuwezi kulinganisha.

Tena wanafundishana. Vigdis Vandvik wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, na Brian Enquist wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, ni miongoni mwa walioanzisha mafunzo ya kupima mimea huko huko milimani. Mwaka 2015 wanafunzi walikwenda mlima Gongga, jimbo la Sichuan, China. Huko watafiti walikuwa wamekata vipande vya udongo pamoja na nyasi na mizizi yake, wakavihamisha kutoka juu penye baridi hadi chini penye joto. Walitaka kuona mimea itafanya nini joto likizidi. Wanafunzi waligawana kazi: kuchuma, kuandika namba, kupima unene, kupima uzito. Mwaka 2020 hesabu zao zilitolewa ili mtu yeyote azisome. Mafunzo kama hayo yamefanyika pia Peru.

Sasa ya China yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu joto linaongezeka kwetu pia, na miti tunayopanda leo itasimama juani miaka mingi ijayo.

Lakini tahadhari. Jani peke yake halisemi yote. Mninga hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi. Haushindani na ukame, unaukwepa. Mpingo nao mbao yake ni nzito hata huzama majini, na mti wenyewe hukawia sana kukua. Mbuyu una mti laini unaoweka maji. Kwa hiyo andikeni pia mwezi ambao mti hupukutisha majani, uzito wa mbao yake, na mahali unapoota wenyewe. Hapo waulizeni wazee. Wao wanajua ni mti gani ulibaki kijani mwaka wa njaa, na hakuna mashine itakayowaambia hayo.

Ndugu zetu, mlijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Kazi hii inataka hayo matatu tu. Kila kikundi kichague miti mitano ya kijijini, kipime majani, na kiandike katika daftari moja pamoja na tarehe na jina la mahali. Jani lisiloandikwa namba ni takataka, halina faida kwa mtu. Haba na haba hujaza kibaba. Msimu ujao mtu akiwaletea miche, msipokee tu na kushukuru. Fungueni daftari, mwulizeni, "Mti huu ni wa namna gani, na tuupande wapi?"