Sufu na Hariri: Tujue Mnunuzi Kabla ya Kupanda

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na vikundi vya akina mama na vijana katika soko la Nyakoe)

 

Katika maswali tunayopokea kutoka mashinani, moja limerudi mara nyingi: je, mtu mwenye shamba dogo hapa kwetu anaweza kupata riziki kwa kufuga viwavi wa hariri au kondoo wa sufu? Wengine wanaambiwa wanunue miche, wengine walipie mayai ya nondo. Kuna hata anayeuliza kama ang'oe kahawa yake. Swali hilo linastahili jibu la wazi, kwa sababu robo ekari ikikosewa, familia nzima inakosa.

Tuanze na majina. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi, inayojazwa kwenye mito na magodoro, hutoka kwenye tunda la mti uitwao msufi. Hariri nayo ni uzi unaotolewa na kiwavi. Kwa hiyo sufu na hariri zote mbili hutoka kwa mnyama, na kikemia ni jamaa ya nywele na kucha zetu. Tutaona faida ya kujua jambo hilo tukifika kwenye sweta.

Kondoo wetu na kondoo wa sufu

Kondoo tunaowaona wakilishwa kando ya barabara zetu wengi si wa sufu. Wana nywele fupi, na faida yao ni nyama. Dorper vilevile ni wa nyama, na Red Maasai husifiwa kwa kustahimili minyoo ya tumbo. Ukimnyoa kondoo wa aina hizo, hutapata kitu cha kusokota.

Kondoo wa sufu, kama Merino, Corriedale, Romney Marsh na Hampshire Down, hapa Kenya wamefugwa zaidi katika nyanda za juu zenye baridi na malisho mapana: Nyandarua, Molo, Mau Narok na Timau. Hata huko hawakuanza vizuri. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alileta Merino hadi Njoro, na wengi wakamfia, kwa kuwa nyasi za pale zilikosa madini muhimu. Pesa alikuwa nazo, lakini mnyama hakufaa mahali.

Kondoo wa sufu hunyolewa kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Manyoya yakitoka mwilini huwa na jasho, vumbi na mafuta, na yakioshwa yanaweza kupoteza hata nusu ya uzito. Mafuta yake, yaitwayo lanolini, hutumika katika dawa za kupaka na vipodozi. Sufu safi huchambuliwa, huchanwa ili nyuzi zilale upande mmoja, husokotwa, kisha hufumwa kuwa sweta, blanketi, suti au zulia. Eldoret palikuwa na kiwanda cha Raymond kilichojulikana kwa blanketi zake. Hata hivyo nyuzi za viwandani zilipokuwa nyingi na rahisi, mfugaji mdogo wa sufu alipata taabu ya kuuza.

Basi kwa mtu wa Nyakoe mwenye robo ekari, jibu la kondoo wa sufu ni fupi: hapa si mahali pake. Kondoo wako wa nyama anakutosha.

Kiwavi wa hariri

Hariri ni habari nyingine, kwa sababu kiwavi hahitaji malisho mapana. Anahitaji nyumba safi na majani ya mforosadi, ule mti tunaouita malberi. Mti huo unapenda mvua, na mvua Mungu ametujalia. Joto analolipenda kiwavi ni kati ya nyuzi 23 na 28, kwa hiyo usiku wa baridi hapa kwetu itabidi chumba kipashwe moto kidogo.

Maisha yake ni mafupi. Yai likianguliwa, kiwavi hula usiku na mchana kwa takriban siku 25 hadi 30, akijivua ngozi mara nne. Katika muda huo uzito wake huongezeka kama mara 10,000. Wiki ya mwisho ndiyo hula sehemu kubwa ya majani yote, na hapo ndipo wengi hushindwa: viwavi wana njaa na shamba limekwisha majani. Akishiba, hujizungushia uzi kwa siku mbili au tatu na kujifungia ndani ya kifukofuko.

Uzi huo ni mmoja, haujakatika, na mara nyingi hupita mita 600; wengine hufikia kilomita moja na zaidi. Ukimwacha mdudu akomae awe nondo, atatoboa kifukofuko na uzi utakuwa vipande. Ndiyo maana vifukofuko hupigwa mvuke au hewa ya moto mapema. Kisha hulowekwa kwenye maji moto ili gundi ilegee, na nyuzi za vifukofuko kadhaa huvutwa pamoja kuwa uzi mmoja. Mdudu aliyebaki ndani hatupwi. Ni chakula kizuri cha kuku na samaki.

Sasa tupige hesabu. Viwavi 20,000 hula takriban nusu tani ya majani. Mfugaji mzoefu anaweza kupata kwao karibu kilo 30 za vifukofuko vibichi. Ili kupata kilo moja ya uzi wa hariri, unahitaji kilo 7 hadi 10 za vifukofuko hivyo. Kwa hiyo nusu tani ya majani hukupa kilo 3 au 4 za uzi, na hapo ni mambo yakienda sawa.

Yasipoenda sawa je? Majani yenye maji ya mvua huleta ugonjwa. Siafu wakiingia usiku mmoja, kazi ya mwezi imekwisha. Jirani akipuliza dawa ya wadudu kwenye nyanya na upepo ukaelekea kwako, viwavi watakufa wote, maana hata wao ni wadudu. Kwetu, ambako mashamba yamebanana mpaka kwa mpaka, hatari hii ni kubwa. Kabla ya kuanza, zungumza na majirani.

Wenzetu walifanyaje

Hariri si kitu kigeni Kenya. Shirika la KALRO lina kituo cha utafiti wa hariri Thika. Taasisi ya icipe pale Kasarani, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi wetu Thomas Odhiambo, imefanya kazi na wakulima kwa miaka mingi. Mwingi wameokota vifukofuko vya nondo wa porini aitwaye Gonometa, anayeishi kwenye migunga. Kakamega kuna nondo aitwaye Anaphe, ambaye viwavi wake hujenga kiota kimoja cha pamoja.

Funzo la kazi hizo ni kwamba hazikuishia kwenye kuokota au kufuga. Watu walijiunga katika vikundi, na palitafutwa pa kusafishia, pa kusokotea na pa kuuzia. Kifukofuko kilichokaa kwenye gunia bila mnunuzi hakilipi karo.

Nasi tuna funzo letu wenyewe. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka pareto. Maua yalistawi, mvua ilikuwepo, mikono ilikuwepo, lakini malipo yalichelewa miaka na miaka, hata watu wakang'oa mimea kwa hasira. Hatukushindwa kulima pareto. Kilichoshindikana kilikuwa upande wa kununua na kulipa.

Kwa hiyo ushauri ninaowaachia ni huu.

Kwanza, usikate kahawa, chai wala ndizi. Panda malberi kwenye mpaka wa shamba na kingo za matuta. Mti huo una faida hata kama kiwavi hatakuja: majani yake yana protini nyingi na ng'ombe wa maziwa huyapenda. Ukikosa soko la hariri, umebaki na lishe.

Pili, usilipie mayai kabla ya kuona mkataba wa maandishi. Uliza mnunuzi ni nani, atalipa bei gani kwa kilo, atachukua lini, na vifukofuko vibovu vitahesabiwa vipi. Anayekuuzia miche na kukuambia soko litajileta, mwombe akuletee hilo soko kwanza.

Tatu, msiende mmoja mmoja. Kikundi kinaweza kutuma watu wawili Thika wakaone kwa macho, na afisa wa ushirika anaweza kuusoma mkataba kabla hamjatia sahihi. Afisa wa kilimo wa wadi naye yupo kwa ajili yenu.

Kwa mafundi wa sweta na wauza mitumba

Najua wengi hapa mnafuma sweta za shule au mnauza mitumba. Uzi mwingi wa sweta unaouzwa madukani ni akriliki, ambayo hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Si ubaya, ni rahisi na unadumu. Lakini usilipie bei ya sufu kwa kitu kisicho sufu.

Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya sahani, uziwashe. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua, huungua polepole, na jivu lake husagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba hunuka kama karatasi.

Muuza mitumba akijua hilo, sweta ya sufu au skafu ya hariri haitampita kwenye belo kwa bei ya kutupa. Na mwambie mteja aioshe kwa maji baridi na sabuni laini. Maji moto huikunja sufu ikawa ya mtoto, na Jik huila sufu na hariri zote mbili.

Kiwavi atafanya kazi yake kwa siku 30. Kazi yetu ni kujua, kabla hajaanza kula, nani atanunua alichofuma.