Fedha Kaunta, Bidhaa Kikapuni

Katikati ya mwezi, saa 2:30 asubuhi kwa saa za Washington, Ofisi ya Sensa ya Marekani hutoa takwimu inayosubiriwa kwa hamu na wafanyabiashara wa fedha duniani: mauzo ya rejareja ya mwezi uliotangulia. Nairobi na Dar es Salaam huwa ni saa 9:30 alasiri, au saa 10:30 majira ya baridi yakiingia kule. Dakika chache tu baadaye, thamani ya dola imeshaanza kuyumba.

Hamu hiyo ina msingi. Takribani theluthi mbili ya uchumi wa Marekani ni matumizi ya wananchi wenyewe, na hakuna takwimu nyingi zinazoonyesha mapema hivyo kama mifuko yao imefunguka au imefungwa. Tatizo ni namna inavyotangazwa: mauzo yamepanda, mauzo yameshuka, kisha habari nyingine.

Chukua Juni 2022. Taarifa ya kwanza ilisema mauzo yalipanda kwa asilimia 1. Aliyesikia hayo tu angeamini kwamba wanunuzi wako vizuri. Lakini mwezi huohuo bei za walaji zilipanda kwa asilimia 1.3, na galoni ya petroli ikavuka dola 5. Ofisi ya Sensa huondoa athari za misimu, ili pilika za Krismasi zisiifanye kila Desemba ionekane mwezi wa neema; mfumuko wa bei haiuondoi. Kinachohesabiwa ni dola zilizopita kaunta. Mtu aliyelipa zaidi kujaza tangi lilelile, kisha akapunguza nyama, aliingia kwenye hesabu kama mnunuzi aliyetumia zaidi. Kumwita huyo mwenye nguvu ya kununua ni kumkosea haki.

Tena, si matumizi yote yanayohesabiwa. Magari, petroli, vyakula, nguo, ununuzi wa mtandaoni na migahawa vimo. Kodi ya nyumba, matibabu, karo na nauli ya ndege havimo, na huko ndiko sehemu kubwa ya kipato cha familia huishia. Hata katika vilivyomo, wachambuzi makini huweka kando magari, petroli, vifaa vya ujenzi na migahawa, wakabaki na mauzo ya msingi ambayo hutumika kukadiria pato la taifa.

Zamani maduka makubwa yenyewe yalisaidia kukamilisha picha kwa kutangaza mauzo yao kila mwezi. Walmart iliacha mwaka 2009, na kampuni nyingine zikafuata. Costco ni miongoni mwa chache zilizoendelea. Wakurugenzi huona mwezi mmoja ni muda mfupi mno wa kupimia biashara. Huenda kwa mwenye hisa ni kweli, lakini kwa umma unaotaka kujua hali ya walaji, ni hasara.

Mwezi mmoja unaweza kusema mengi. Mei 15, 2020, maduka yakiwa yamefungwa kwa sababu ya korona, ilitangazwa kwamba mauzo ya Aprili yameporomoka kwa asilimia 16.4. Ndani ya ripoti hiyo, maduka ya nguo yalishuka kwa asilimia 78.8 kwa mwezi mmoja, huku wauzaji wasio na maduka, wengi wao wa mtandaoni, wakipanda kwa asilimia 8.4. Ule mstari wa nguo ulifika hadi Kenya. Viwanda vilivyokuwa vikishonea soko la Marekani chini ya AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru, vikiwemo vya Athi River, vilikatiwa oda, na baadhi vikageukia kushona barakoa. Kwa fundi anayelipwa kwa oda iliyopo, habari ilikuwa kwenye mstari huo kuliko kwenye takwimu kuu.

Na hata takwimu kuu ile haikudumu. Makadirio ya kwanza hutokana na sehemu tu ya kampuni zinazohojiwa. Majibu ya nyingine yakifika, hesabu hurekebishwa. Anguko la Aprili 2020 lilipunguzwa baadaye hadi asilimia 14.7. Mtangazaji anayesoma mauzo ya mwezi huu ana deni la sentensi mbili zaidi: bei zilipanda kwa kiasi gani, na takwimu ya mwezi uliopita imerekebishwa kuwa ngapi.